Cheti cha kijani Nairobi, mto mkavu Makueni

Wasee, ukiona jengo Nairobi linajisifu ni "jengo kijani," uliza swali moja: mchanga wake ulitoka mto gani?

Hivi vyeti si vya kitambo sana. Uingereza ilianza na BREEAM mwaka wa 1990, kisha Marekani ikaja na LEED. Baadaye IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni binafsi, likaleta EDGE kwa nchi kama zetu. Kupata EDGE, jengo lazima liokoe angalau asilimia 20 kwa mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Poa. Lakini mto hauko kwenye hayo matatu.

Sasa shuka na barabara ya Mombasa mpaka Makindu. Jina lenyewe linatokana na mikindu, miti inayopenda penye maji. Ila mito mingi ya Makueni ni ya msimu. Mvua ikiisha unaona mchanga tu, na maji yako chini yake. Watu wanachimba na kuchota. Mchanga ndio tanki. Tangu enzi za ukoloni, Ukambani kumejengwa mabwawa ya mchanga: ukuta unakatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa humo bila kukaushwa na jua.

Halafu Nairobi ikaanza kupandisha maghorofa, na malori yakaja kuchota mchanga. Lori likiondoka, tanki limeenda nalo. Mvua ikinyesha maji yanapita tu, kingo zinabomoka, na mama mwenye mtungi anatembea mbali zaidi. Mwaka wa 2015 kaunti ya Makueni ikapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti uvunaji wake.

Kwa hivyo kaunti iliona shida. Wanaotoa vyeti nao waione. Chama cha wasanifu majengo, AAK, kina kipimo cha hapa nyumbani, Safari Green Building Index. Kipimo chetu ndicho kinafaa kuwa kikali zaidi hapa: bila karatasi ya kuonyesha mchanga ulitoka wapi na kwa kibali gani, hakuna cheti.

Na wewe unayesoma usanifu au uinjinia, anza kuuliza sasa. Jengo haliwezi kuwa kijani Westlands kama limekausha maji ya mtu Makueni.