Bibi wa Pili na Amri ya Mwaka 1950



Katika mkutano wa Jumamosi mmoja wenu aliuliza swali ambalo halikupata jibu, kwa kuwa saa ya rozari ilikuwa imefika. Aliuliza hivi: ikiwa tendo fulani ni dhambi, tena dhambi inayopingana na sheria ya maumbile, ile ambayo kila mwenye akili aweza kuitambua hata kama hajabatizwa, kwa nini Serikali isilipige marufuku na kumwadhibu anayelitenda? Wengi mlipiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana nilimkumbuka nyanya yangu mdogo, bibi wa pili wa babu yangu, ambaye swali hilo lilimwangukia kichwani kabla mimi sijazaliwa.

Swali lenyewe ni la kale. Mwaka 1254 Mfalme Ludoviko wa 9 wa Ufaransa, ambaye Kanisa linamheshimu kama mtakatifu, aliporudi kutoka vita vya msalaba alitoa amri kwamba malaya wote wafukuzwe katika miji na vijiji vya ufalme wake, na mali yao itwaliwe. Mwaka 1256 ilibidi amri hiyo ilegezwe: sasa iliagizwa wawekwe mbali na njia kuu, mbali na makanisa na makaburi. Mwaka huohuo Thoma wa Akwino alipata kiti cha ualimu huko Paris. Sisemi kwamba mfalme ndiye aliyemfundisha mwanateolojia. Nasema tu kwamba Thoma, alipoandika miaka kumi na mitano baadaye juu ya swali kama sheria ya wanadamu yapasa kukomesha maovu yote, alikuwa ameishi katika mji ulioona jambo hilo likijaribiwa na mtu mwema.

Jibu lake ni hapana. Sheria ya wanadamu, asema, hutungwa kwa ajili ya umati wa watu, na wengi katika umati huo hawajakomaa katika fadhila. Kama vile mtoto hatwishwi mzigo wa mtu mzima, ndivyo sheria isivyoweza kumdai kila mtu yale yanayodaiwa kwa mkamilifu. Yatosha ikataze maovu mazito zaidi, ambayo watu walio wengi wanaweza kujiepusha nayo, na hasa yale yanayowadhuru wengine, ambayo yasipokatazwa jamii haiwezi kusimama. Anataja uuaji na wizi. Akitafuta ushahidi katika Maandiko, anakwenda kwenye kitabu cha Mithali, mahali panapotajwa pua inayobanwa kwa nguvu mpaka ikatoka damu. (Wanafunzi wangu hucheka kila ninapofika hapo. Nawaacha wacheke, kwa sababu hawausahau tena mfano huo.) Anachoogopa ni kwamba wanyonge, wakibanwa kupita kiasi, watalipukia katika maovu makubwa zaidi.

Wengi humsoma Thoma nusu tu. Hasemi kwamba jambo lisilokatazwa na Serikali limekuwa jema. Wala hasemi kwamba Serikali inyamaze kila mara watu wanapolizoea ovu. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunalijua hilo kuliko wengine. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alipozunguka katika miji mikuu ya Ulaya akidai biashara ya watumwa ikomeshwe, utumwa ulikuwa desturi iliyozoeleka, na wenye kufaidika nao walikuwa na nguvu. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba jambo lile lingeachiwa dhamiri ya kila mtu, maana aliyeumia alikuwa mwingine, aliyefungwa mnyororo shingoni. (Kwamba Leopold II alijifunika joho la vita hivyo ili atuletee utumwa wa mpira, hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Mitala, yaani kuoa wake wengi, Thoma haiweki mahali pamoja na uuaji. Kwa maoni yake haiharibu kusudi la kwanza la ndoa, ambalo ni kuzaa na kulea watoto. Inachozuia sana ni amani ya nyumba na ushirika wa mume na mke, na inaiondoa kabisa alama ya Kristu na Kanisa lake, ambalo ni moja. Ndivyo alivyoeleza jinsi Abrahamu na Yakobo walivyoweza kuwa na wake zaidi ya mmoja pasipo kukataliwa na Mungu. Kwetu sisi wakristu jambo limekwisha amuliwa: ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Lakini swali lenu lilihusu Serikali, na kwetu Serikali ililijibu kwa amri.

Bula Matari alianza kwa kodi. Tangu mwaka 1910 mwenye wake wengi alilipishwa nyongeza kwa kila mke aliyemzidi wa kwanza. Wamisionari hawakuridhika, na haki walikuwa nayo: kodi hukusanya fedha kwa jambo lilelile inalodai kulichukia, na mkusanyaji huishia kulihitaji. Baadaye ikatoka amri ya tarehe 5 Julai 1948 ya kuilinda ndoa ya mke mmoja. Kisha, tarehe 4 Aprili 1950, ikaja amri kubwa: kuanzia tarehe 1 Januari 1951, mtu ambaye ndoa yake ya kimila haijavunjwa hangeweza kufunga nyingine, na hiyo nyingine ingekuwa batili. Ndoa za mitala zilizokuwako kabla ya siku hiyo ziliachwa zilivyo, ila mwenye wake wengi hakuruhusiwa kuhamia nao mijini.

Kwenye karatasi, amri ilisema kile tunachofundisha katika katekisimu. Lakini mnakumbuka kwamba Thoma, akimfuata Isidori wa Sevilla, anadai sheria iwe ya haki, iwezekane kutimizwa, na ilingane na desturi ya nchi, mahali na wakati. Amri hii ilitungwa Ulaya na watu ambao hawakuwauliza wazee wetu hata neno moja. Tena ilitoka kwa dola ileile ambayo tangu mwaka 1917 ililazimisha kilimo cha pamba. Mtu wa bonde la Ruzizi aliyetakiwa kutunza shamba la pamba la lazima juu ya mihogo ya nyumba yake alihitaji mikono, na mikono ya shambani ilikuwa ya wanawake. Dola iliongeza haja ya mitala kwa mkono wa kushoto na kuiadhibu kwa mkono wa kuume.

Babu yangu alimwoa nyanya mdogo mwaka 1952. Mahari ilitolewa, pombe ikanywewa, wazee wa pande zote mbili walishuhudia. Kijijini alikuwa mke. Babu alipopata kazi ya kupakia mizigo katika mji mmoja wa kando ya ziwa, alimwandikisha nyanya mkubwa katika kitabu chake. Nyanya mdogo alipofika mbele ya karani hakuwa na nafasi ya kuandikwa, maana kwa sheria hakuwa mke wa mtu. Akaandikwa mwanamke aishiye peke yake. Makaratasi ya Kifaransa ya zamani zile yalisema «kinadharia peke yake», kana kwamba waandishi wenyewe walijua wanachokificha. Wanawake wa namna hiyo walitozwa kodi yao wenyewe, na mjini kila mtu aliielewa kuwa ni kodi ya umalaya. Nyanya mdogo aliilipa kila mwaka. Alihifadhi risiti katika kopo la biskuti, na nilipokuwa mtoto alinionyesha, akasema: «Hiki ndicho cheti changu cha ndoa.»

Hakuwa peke yake. Wakubwa wa serikali wenyewe walianza kulalamikia «mitala iliyojificha», yaani mitala ambayo amri yao ndiyo iliyoificha. Huko Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, wanawake Waislamu wasemao Kiswahili waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950. Miongoni mwao walikuwamo wajane na wazee walioona kwamba wanatukanwa na sheria. Hawakuwa wakristu, na juu ya mitala hatukubaliani nao. Lakini katika jambo hili wao ndio waliokuwa wakitetea heshima ya mwanamke, na sisi hatukuwasaidia.

Hapo ndipo ninapomjibu kijana wa Jumamosi. Sioni kosa kwamba sheria iliitambua ndoa ya mke mmoja na kuipa ulinzi. Mke wa kwanza aliyenyanyaswa alipata mahali pa kukimbilia, na hilo si dogo. Kosa lilikuwa kuamini kwamba ukilifuta jina umeifuta dhambi. Mwanaume aliyetenda hakupoteza kitu: kitabu chake kilikuwa safi, mke mmoja, mkristu mwema machoni pa karani. Aliyepoteza ni yule aliyekuwa na nguvu kidogo kuliko wote. Na dhambi yenyewe iliendelea, sasa bila mahari, bila wazee, bila wajibu. Baba zenu waliiita «deuxième bureau» na kuicheka. Katika mitala ya zamani mwanaume aliwajibika mbele ya ukoo wa mke wa pili. Kwa huyu wa ofisini hawajibiki mbele ya yeyote. Hayo ndiyo maovu makubwa zaidi aliyoyaogopa Thoma.

Najua mtaniambia kwamba sheria pia hufundisha, na kwamba Serikali isipokataza, watoto watadhani inaruhusiwa. Ni kweli, na ndiyo maana siombi katazo la mitala liondolewe. Lakini mwalimu anayempiga mtoto aliyeibiwa kitabu na kumwacha aliyeiba, darasa zima linajifunza nini?

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilibakiza katazo hilo. Ila ililiweka pamoja na jambo ambalo mwaka 1950 halikufikiriwa vya kutosha: iliamua kwamba kila mtoto wa Kikongo lazima awe na baba, na kwamba mtoto wa nje ya ndoa aliyetambuliwa na baba yake anarithi pamoja na wa ndani. Mwaka 1988 babu, akiwa mzee na anayeona kwa shida, alishikwa mkono mpaka ofisi ya uandikishaji wa raia akawatambua wana wawili wa nyanya mdogo, ambao hadi siku ile walikuwa na jina la mama tu. Alifariki mwaka 1991. Kaka zao wa nyumba kubwa, baba yangu akiwa mmoja wao, walitaka kuwafukuza katika kiwanja, nao baba wadogo wakaleta karatasi. Kiwanja kiligawanywa. Nyanya mdogo alibatizwa mwaka uliofuata, akakaa katika chumba cha nyuma cha kiwanja hicho mpaka alipozikwa, na lile kopo la risiti likakutwa chini ya kitanda chake.