Khutuba ya Siku ya Kwanza

Muungwana ni kitendo, walisema wazee. Lakini siku kiongozi anapoapishwa huwa bado hajatenda lolote katika cheo kile. Alicho nacho ni ulimi tu. Ndiyo maana khutuba ya siku ya kwanza ni jambo zito. Watu hukusanyika, redio hufunguliwa, makofi hupigwa, na baada ya wiki moja aghlabu hakuna akumbukaye kilichosemwa. Mwislamu hapaswi kuwa msikilizaji wa namna hiyo. Ahadi ni deni, na katika Sura Saff Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anawalaumu wale wasemao wasiyoyatenda. Basi mwenye kudai deni hana budi kulikumbuka.

Jee, khutuba kama hiyo tuipime kwa mizani gani? Ipo mizani ya kale. Mwaka wa 11 wa Hijra (632), Mtume (S.A.W.) alipofariki, Sayyidna Abubakar Siddik (R.A.) alipewa baia katika Sakifa ya Bani Saida. Siku ya pili yake alipanda mimbari ya msikiti wa Madina na kusema maneno machache mno. Alieleza kwamba ametawalishwa juu ya watu hali yeye si mbora wao. Akifanya mema wamsaidie, na akipotoka wamnyoshe. Ukweli aliuita amana, na uongo akauita khiyana. Aliahidi kuwa mnyonge atakuwa na nguvu mbele yake mpaka apewe haki yake, na mwenye nguvu atakuwa mnyonge mpaka itolewe kwake haki ya mwenziwe. Kisha akafunga kwa kuwaambia wamtii muda anaomtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na akiasi basi hana haki ya kutiiwa.

Ndugu msomaji, tazama ufundi wa maneno hayo. Hayana sifa kwa msemaji wala matusi kwa wapinzani, ijapokuwa jana yake palikuwa na mabishano makali. Yana mambo matatu yaliyofungamana: unyenyekevu, ruhusa ya kunyoshwa, na sheria iliyo juu ya kiongozi mwenyewe. Ukiliondoa moja, mawili yaliyobaki hulegea. Unyenyekevu bila ya ruhusa ya kunyoshwa ni adabu tu. Na ruhusa ya kunyoshwa bila ya sheria ni zawadi ambayo aliyeitoa aweza kuichukua tena. Zaidi ya hayo, khutuba ile ilithibitishwa na maisha. Imepokewa kwamba Abubakar, aliyekuwa mfanya biashara ya nguo, alitaka kuendelea kwenda sokoni mpaka masahaba wakamkadiria posho katika Baytul-mali. Na alipokaribia kufa aliagiza kilichobaki kwake kirejeshwe.

Sasa tuichukue mizani hiyo tushuke nayo ufukoni mwa kaskazini wa Ziwa Nyasa, Kyela, nchi ya mpunga, kakao na michikichi, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji yake ziwani. Waislamu huko ni wachache. Tangu 1891, walipofika wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri, wengi wamefuata Ukristo. Lakini hekima haina kabila. Wanyakyusa walikuwa na sherehe yao ya kutawazana, ubusoka, yaani kutoka nje: mzee aliikabidhi nchi kwa wanawe, na pamoja na kila chifu mpya walisimamishwa amafumu, viongozi wa vijiji wasiotoka katika ukoo wa kichifu. Hao ndio waliokuwa macho ya raia. Tena palikuwa na imani ya pumzi ya watu: kwamba manung'uniko ya haki ya majirani humshukia mkosaji kama baridi, na hata chifu hasalimiki nayo. Sisi twaamini kuwa kudhuru na kunufaisha ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini nani katika sisi hakufundishwa kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola wake?

Hapo hatuna budi kusema ukweli unaotuumiza sisi wenyewe. Mtu aliyelibeba jina la Uislamu kwa sauti kubwa katika ufuko ule alikuwa Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome yake karibu na Karonga, ng'ambo ya Songwe. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ndugu zao Wanyakyusa, wakaua wengi katika matete ya Kambwe; naye akajitangaza Sultani wa Nkonde. Huo nao ulikuwa utawazo, lakini utawazo gani? Hapakuwa na baia, hapakuwa na mnyonge aliyeahidiwa haki. Mnyonge ndiye aliyekuwa bidhaa. Desemba 1895 Waingereza wa Harry Johnston waliivunja ngome yake wakamnyonga, nao wakatawala bila ya kumwomba Mngonde ridhaa. Mwenye nguvu mpishe: ndiyo iliyokuwa khutuba ya wote wawili. Ikiwa leo mzee wa Kyela akisikia neno Mwislamu humkumbuka mchukua watumwa, tusimlaumu. Tumwoneshe kwa vitendo khutuba ya Abubakar.

Miaka sitini na saba baada ya Mlozi, nchi iliapisha rais wake wa kwanza. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 akaenda kukijenga chama chake. Novemba akamshinda Zuberi Mtemvu kwa kura zaidi ya milioni moja dhidi ya elfu ishirini na moja na ushei. Aliapishwa tarehe 9 Desemba 1962, na siku ya pili yake akalihutubia Bunge kwa Kiswahili. Hilo peke yake lilikuwa kubwa. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa mkulima wa Kyela, lakini kilikuwa lugha aliyoweza kuifikia. Kiingereza cha maofisa kilikuwa ukuta. Kiongozi asemaye kwa lugha ya raia amewapa raia kamba ya kumshikia.

Yaliyomo nayo yalikuwa na uzito. Alitangaza wizara mpya ya utamaduni, akasikitika kwamba wasomi wamefunzwa kuzionea haya ngoma za kwao huku wakijivunia dansi za kigeni. Alisema jembe la mkono haliwezi kuleta maendeleo yanayotakiwa, na kwamba hatua ya kwanza kwa wakulima ni kuishi pamoja vijijini, ili huduma ziweze kuwafikia. Hoja zake zilipangika, mifano yake ilitoka shambani na ngomani, wala hakuwadanganya watu kuwa uhuru utawanyeshea neema bila ya jasho.

Lakini tuulize kwa mizani yetu: kamba ya kumnyosha kiongozi ilikuwa wapi? Katiba mpya ilimpa rais madaraka makubwa, na katika mwaka ule ule wa 1962 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Neno la vijiji, lililosemwa 1962 kama wito, Novemba 1973 liligeuka amri, na katika sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa kwa nguvu. Mnyakyusa, ambaye mababu zake waliishi katika vijiji vya marika kwa hiari yao, angeweza kumwambia kiongozi kwamba kijiji hujengwa na ujirani. Nani angesema, na nani angesikiliza? Kwa insafu tuseme pia kuwa mwaka 1977, akilitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu alikiri mapungufu hadharani. Kujinyosha mwenyewe ni sifa njema; kunyoshwa na watu kwa wakati wake kungepunguza madhara.

Kyela imeonja vile vile madhara ya ulimi wa rais wa ng'ambo. Septemba 1968 Rais Banda wa Malawi alidai kwamba ziwa lote ni lake na kwamba mipaka ya kweli ya nchi yake inavuka Songwe kuelekea kaskazini. Mwalimu naye akajibu kwa maneno makali ya kumwita mwenda wazimu. Makofi yalipigwa pande zote mbili. Mvuvi wa Matema, aliyekuwa akitupa wavu pale pale alipotupa babu yake, ndiye aliyebaki na khofu. Hakuna siku Songwe ilipowauliza marais. Hufurika, hubadili njia, na jamaa wa ukoo mmoja hujikuta ng'ambo mbili.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeapishwa tarehe 5 Novemba 1985, alikumbukwa kwa kujilinganisha na kichuguu kando ya Mlima Kilimanjaro. Waislamu wengi tulifurahi, kwani tuliisikia harufu ya maneno ya Abubakar. Ilikuwa tawadhui nzuri. Lakini tusimpime kiongozi kwa jina lake wala kwa dini yake; tumpime kwa mambo matatu yale yale. Mizani isiyompima ndugu yako ni mizani ya wizi.

Mwisho, tusidhani khutuba hii ni ya marais peke yao. Imamu anapokabidhiwa msikiti, mwenyekiti anapochaguliwa kijijini, baba anapooa na kujenga nyumba, kila mmoja ana siku yake ya kwanza. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Nasi tusikilizao tuna sehemu yetu: Abubakar aliwataka watu wamnyoshe, na watu wasiosema neno huwa wamemnyima kiongozi wao haki hiyo.

Ewe Mola, wape viongozi wetu ndimi za ukweli na masikio ya kusikia, na utupe sisi ushujaa wa kuwaambia ukweli kwa adabu. Amin.