Usiku wa filamu hutengenezwa mchana

Wadogo zetu wa promosyo wanataka kupiga filamu ya kutisha hapa Goma. Wamenionyesha ratiba yao: siku 6, na karibu kila tukio limeandikwa "usiku". Nikawaambia, ngojeni, tuangalie historia kwanza.

Mwaka 1921 Mjerumani F. W. Murnau alikuwa anapiga Nosferatu, hadithi ya mnyonya damu. Filamu za wakati ule hazikuweza kushika giza la nje. Matukio ya usiku akayapiga jua likiwaka, halafu picha zikatiwa rangi ya buluu, na mwaka 1922 watu wa Berlin wakaona usiku. Baadaye kopi nyingi zilizunguka bila ile rangi, ndiyo maana kuna wanaomcheka mnyonya damu anayebeba jeneza lake mjini mchana kweupe. Maskini, kosa si lake!

Wafaransa wanaita mbinu hiyo "nuit américaine". Sisi inatufaa kuliko wao. Umeme unakatika, jenereta inameza sauti za waigizaji, na kurudisha mabinti nyumbani kwa pikipiki saa nne usiku, Goma hii tunayoijua, mimi siwezi kuweka sahihi. Basi jua likae nyuma ya mwigizaji, anga lisiingie kwenye picha, kamera ipokee mwanga kidogo, buluu iongezwe kwenye kompyuta. Ndani ya nyumba ni rahisi zaidi: ziba madirisha kwa blanketi, na saa tatu asubuhi inakuwa usiku wa manane.

Karibu na ikweta jua likizama, mwanga unabaki kama dakika 20 tu. Kwa siku 6 ni saa 2 jumla. Kwa hiyo kila jioni picha mbili au tatu, zilizofanyiwa mazoezi tangu saa kumi, wakati taa ya dirishani inaonekana na anga bado lina buluu. Tena chagueni nyumba moja. George Romero mwaka 1968 alifungia karibu filamu nzima ya Night of the Living Dead kwenye nyumba moja ya shamba, na bado inatisha.

Kilichonisimamisha hasa ni taa. Kila mzimu ukitokea, wameandika "nyekundu". Kwingine nyekundu ni damu tu. Hapa, tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 anga likawa jekundu tena usiku, watu wakabeba watoto na magodoro, wengine kuelekea Rwanda, wengine Sake. Mtazamaji wetu akiona ukuta mwekundu hafikirii mzimu, anatafuta viatu vya mtoto. Ukimtisha hivyo mara kumi kwa filamu moja, umemchezea.

Mwongozaji wao, binti wa mwaka wa pili, alinyamaza kidogo. Halafu akachukua kalamu akafuta nyekundu zote, akabakiza moja: tukio la mwisho, dirisha la upande wa kaskazini.