Maji Yameingia Mjini, Yatatoka Vipi?

Sisi tuliolelewa Mji Mkongwe na Ng'ambo tumesimuliwa mara nyingi habari za maji ya Chemchem. Kabla yake wazee wetu walitegemea visima vya mitaani na wachukuzi wa maji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, Dkt. James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati ule, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta maji safi mjini kwa mfereji, na watu wakayateka bure.

Sifa hiyo anaistahili. Lakini masimulizi yetu huishia bombani. Maji yakishatumika huenda wapi? Mji Mkongwe kwa miaka mingi umeyamwaga baharini, na Ng'ambo tumetegemea makaro.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Mhandisi Joseph Bazalgette alikuwa ameujengea mji huo mifereji mikubwa ya majitaka, naye alianza na hesabu kabla ya matofali. Alikadiria kila mtu futi 5 za ujazo kwa siku, kama lita 140, akazidisha kwa idadi ya watu, wakiwamo watakaoongezeka baadaye. Kisha akachukulia kwamba nusu ya maji hayo hupita katika saa 6 tu. Watu hawaogi kwa zamu.

Sisi karo letu la kwanza, la pale madrasa, tulilijenga kwa macho. Tulimwambia fundi apime kiwanja. Maji hakuna aliyeyapima. Lilifurika masika ya kwanza, majirani wakatusema, na walikuwa na haki.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua nyumba ya watu 12, kila mmoja anatumia lita 60: ni lita 720 kwa siku. Wahandisi wengi huchukua kwamba kiasi cha asilimia 80 hurudi kuwa majitaka, yaani lita 576. Mengine hunywewa, hupikiwa, humwagiliwa miti au hukaukia kwenye kamba ya nguo. Kusoma mita peke yake hakutoshi, maana ndoo ya kisimani haipiti kwenye mita, na sisi tunajua ni nyumba ngapi bado zinateka kisimani. Pale madrasa kuna na udhu: watoto wote hutawadha kwa wakati mmoja, kabla ya sala ya alasiri. Bomba la kutolea maji lipimwe kwa nusu saa ile.

Michango ya mwaka huu ni ya karo la pili na bomba lake. Kabla fundi hajaitwa, vijana wetu watakaa wiki nzima pale wakihesabu ndoo na kuandika saa. Maji ya paa tutayapeleka kwingine. Hayo ndiyo yaliyotushinda mara ya kwanza.