Ruaha Mkuu na Watu wa Usangu

Mto Ruaha Mkuu huanzia kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, kusini mwa Tanzania. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali huteremka kutoka milima hiyo, Ndembera hutoka Mufindi, na yote hukutana katika uwanda wa Usangu. Hapo maji hutandaa kwenye ardhioevu ya Ihefu, huvuka kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, kisha huelekea Hifadhi ya Ruaha na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi mto Rufiji.

Katika karne ya 19 uwanda huo ulikuwa wa Wasangu na watawala wao wa ukoo wa Merere. Kilimo cha mpunga cha kumwagilia kilianzishwa na Mabaluchi kabla ya uhuru, na wenyeji wakakishika. Miaka ya 1970 likajengwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China, reli ya TAZARA ikapita, na majaruba yakasogea mwaka hata mwaka. Wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kimang'ati nao walifika na mifugo yao, maana nyasi za Ihefu hazikauki upesi.

Mwaka 1993 mto ulikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika mara kwa mara. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope. Mgao wa umeme ulipolikumba taifa, kidole kilielekezwa Usangu, na mwaka 2006 wafugaji wakaamriwa kuondoka Ihefu. Wengi walisukumwa pamoja na ng'ombe wao hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 bonde lao likaingizwa hifadhini.

Hukumu hiyo naiona nzito mno kwa mtu mmoja. Mtera hujazwa zaidi na maji ya masika, si vijito vya kiangazi, na pia hupokea Ruaha Mdogo na Kisigo. Kupungua kwa maji ya bwawa hakuwezi kuwa kosa la mchungaji peke yake. Kilichoukausha mto ndani ya hifadhi ni mifereji ya majaruba zaidi. Mabanio ya zege ya kuingizia maji kwenye mifereji hiyo, yaliyochukua nafasi ya yale ya magogo na mawe, huteka maji mengi zaidi, tena hubaki wazi hata baada ya mavuno, kwa kuwa mfereji ndio bomba la kijiji: watu hunywa humo, huogea humo, hufyatulia tofali humo. Anayewataka wafunge banio mwezi Agosti awachimbie visima kwanza.