"Thrower": Mrushaji Asiyerusha Kitu

Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, kwa Kiingereza aliitwa "thrower". Jina hilohilo hupewa fundi aliyeketi mbele ya gurudumu, viganja vimelowa tope, akipandisha kuta za bakuli ambalo haliendi popote. Tena lina ndugu yake wa karibu, "throwster", aliyesokota nyuzi za hariri katika viwanda kama kile cha ndugu wawili, John na Thomas Lombe, kilichojengwa Derby mwanzoni mwa karne ya 18. Mkuki, bakuli na uzi vimekutania wapi?

Wengi hudhani mfinyanzi alipata jina kwa sababu hubamiza donge la udongo juu ya gurudumu. Dhana hiyo inavutia, lakini si kweli. Donge likishabamizwa ndipo kazi yenye jina hilo inapoanza: fundi hulituliza katikati, hulitoboa kwa vidole gumba, kisha huuvuta udongo kwenda juu huku ukizunguka kati ya vidole vya mikono miwili. Kinachotajwa ni mzunguko. Katika Kiingereza cha Kale, "thrawan" ilikuwa kuzungusha, kupinda, kusokota. Wajerumani hadi leo husema "drehen" kwa kuzungusha, na "thread", yaani uzi, limechipuka katika shina hilohilo.

Mfinyanzi, basi, hakuazima neno uwanjani. Yeye na msokota hariri ndio wenye nyumba. Mrusha mkuki ni mgeni aliyehamia baadaye.

Na mgeni huyo alikuwa na kwake. Kurusha kulikuwa na kitenzi chake, "weorpan", ndugu wa "werfen" ya Kijerumani. Kitenzi hicho kingali hai kwa umbo la "warp", ila sasa husemwa juu ya ubao uliopindika kwa unyevu. Kilichokuwa kurusha kimekuwa kupinda, na kilichokuwa kupinda kimekuwa kurusha! Ni nadra vitenzi viwili kubadilishana viti waziwazi namna hii.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Mkuki hurushwa, takataka hutupwa, mawe huvurumishwa, uzi husokotwa au hupotwa. Nacho kitenzi finyanga kina finya ndani yake, maana chungu chetu kilizaliwa vidoleni. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, huumba vyungu vyao kwa mikono. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alisoma Uingereza ambako gurudumu ni jambo la kawaida. Hata hivyo mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, alikofundishwa na mfinyanzi Ladi Kwali kuinua chungu kwa mikono. Vyungu vilivyompa sifa duniani amevijenga hivyo, pindi juu ya pindi. Kumwita "thrower" ni kosa hata kwa Kiingereza chenyewe.

Ndiyo maana tafsiri ya "kurusha udongo" haifai kuingizwa katika vitabu vya sanaa. Humfanya mwanafunzi aone mkono ukiachia kitu, ilhali pale kwenye gurudumu mkono ukiachia kabla ya wakati, ukuta wa chungu huyumba na kuporomoka. "Kufinyanga kwa gurudumu" inatosha: inataja vidole, inataja mzunguko, na hakuna kinachoruka.