Vali ya moyo inayovuja: kutoka Mulago mpaka huku kwetu

Wandugu, mtoto anapanda kilima kidogo tu, anahema, usiku hawezi kulala chali, miguu inavimba. Huku Nyakiyumbu wengine watasema karogwa. Mara nyingine ni vali ya moyo inavuja.

Vali ni kama mlango. Damu ikishapita, unajifunga isirudi. Ukiharibika, damu inarudi nyuma na moyo unachoka.

Uganda iko ndani ya historia hii toka zamani. Mwaka 1948 daktari Jack Davies wa Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa unaoacha makovu ndani ya moyo mpaka vali zinashindwa kufunga.

Kwa miaka mingi, kutengeneza vali kulimaanisha kupasua kifua na kusimamisha moyo. Mwaka 1991, kule Italia, Ottavio Alfieri alishona kingo mbili za vali zishikane katikati, na kuvuja kukapungua. Baadaye wengine wakatafuta njia ya kufanya vilevile bila kupasua. Mwaka 2003, Caracas, Venezuela, mgonjwa wa kwanza akabanwa vali kwa klipu ndogo iliyopitishwa kwenye mrija, kutoka mshipa wa paja mpaka moyoni, moyo wenyewe ukiendelea kupiga. Marekani ikairuhusu klipu hiyo 2013.

Sasa sisi tunapata nini hapo? Klipu ni ghali, tena inawafaa zaidi wazee. Vali za watoto wetu huharibiwa sana na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye koo. Zinakuwa nene na ngumu, klipu haishiki vizuri. Taasisi ya Moyo ya Uganda ipo Mulago tangu 1988, lakini kutoka Bwera ni safari ya siku nzima, na nauli ni shida.

Habari njema imetoka Gulu. Watoto 818 wenye dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili. Waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, waliozidiwa ni 3 kati ya 399. Wasiochomwa, 33 kati ya 400. Matokeo yalitoka 2021.

Kwa hiyo tusingoje klipu. Koo likiuma na homa juu, mtoto apelekwe kituo cha afya mapema. Na nyinyi wahudumu wa misaada, mkihesabu dawa, penisilini isikosekane. Sindano moja leo inaweza kuokoa mlango ambao kesho hatutakuwa na fundi wa kuutengeneza.